Kwa mama aliyeuliza kuhusu uanagenzi wa digrii hapa Uingereza

Shikamoo mama. Umeuliza kama kijana wako aliye mwaka wa 13, yaani wa mwisho wa sekondari, aombe uanagenzi wa digrii au aende chuo kama wenzake, maana nyumbani hamtaki mkopo wenye riba. Mimi nilikuwa njia panda hiyohiyo miaka saba iliyopita, na sababu yangu ilikuwa hiyohiyo riba. Leo nina digrii na sidaiwi hata senti. Ila mwaka wa kwanza nilikosa kila mahali.

Kwanza ajue kwamba anaomba kazi: mwajiri anamlipa mshahara na ada ya chuo, naye anasoma digrii huku akifanya kazi. Chuo kinakuja nyuma ya mwajiri. Kampuni ambazo mishahara yake kwa mwaka inazidi pauni milioni 3 zinakatwa na serikali kodi ya asilimia 0.5 tangu 2017, na fungu hilo huenda kwenye mafunzo ya wanagenzi. Ndiyo maana zinalipa ada na mshahara juu. Kwa hiyo hakuna dirisha moja la maombi: wengine wanatangaza Septemba, wengine Januari, na wakishapata watu wa kutosha wanafunga hata kabla ya tarehe. Nafasi moja niliipoteza hivyo, siku tisa naremba fomu tu. UCAS, wanaopokea maombi ya vyuo vikuu, wanampa machaguo 5, lakini kwenye uanagenzi hana kikomo, na anaruhusiwa kuomba kote kuwili. Aangalie pia masharti: GCSE (mitihani ya miaka 16) za hesabu na Kiingereza, na kwa kawaida awe ameishi hapa miaka 3.

Sasa niseme kilichoniangusha. Maombi 14, nikaitwa mara mbili. Siku ya usaili tuliwekwa sita mezani, tugawe bajeti ya mradi wa kubuni, na wasaili wawili wamekaa pembeni wanaandika. Mimi nimelelewa Tanga hadi miaka 12. Mtu akizungumza unamsubiri amalize. Pale hakuna aliyemaliza! Dakika arobaini zilipita nikiitikia kwa kichwa. Baadaye mama mmoja kati ya wale wasaili alinipigia simu kunieleza, kwa upole kabisa, kwamba alinipenda lakini karatasi yake ilikuwa tupu, hana alichokiandika juu yangu.

Adabu yetu si kosa, ila kule haiwekewi alama. Tulifanya mazoezi ya kuingilia maneno mezani kwetu, na bibi akakasirika kweli.

Ugonjwa huohuo ulikuwa kwenye fomu. Wakiuliza, "Tueleze ulivyotatua tatizo," nilikuwa naandika "tulisaidiana nyumbani." Wenzangu walikuwa na mafunzo ya vitendo kwenye ofisi za wajomba zao, nami nikajiona sina kitu. Kumbe nilikuwa nacho. Mama anauza sambusa na maandazi mwezi wa Ramadhani. Mwaka mmoja tulichanganya oda, watu wawili wakafuturu kwa tende na maji. Mwaka uliofuata nikatengeneza jedwali la oda kwenye kompyuta, na hatukukosea tena. Nilipoiandika hivyo, kwa "mimi", kila hatua na matokeo yake, ndiyo iliyonipa kazi. Kijana wako akiwa anawatafsiria wazee hospitalini, au anashika hesabu za madrasa, hiyo ni kazi. Aandike.

Usaili wa video ni kichekesho: unaongea na kamera peke yako, saa inahesabu kurudi nyuma. Nilimkalisha mdogo wangu nyuma ya laptop ili nione uso wa mtu. Majaribio ya hesabu ya mtandaoni hayahitaji maneno mengi, afanye mazoezi tu.

Na usimfiche ugumu wake. Mimi ilikuwa miaka minne, siku nne kazini na moja chuoni, insha usiku. Wenzangu walikuwa likizo miezi mitatu majira ya joto, mimi niko ofisini na watu wa rika la baba. Kama bado hajui anataka kazi gani, kwa maoni yangu asifunge mlango wa chuo, ingawa najua hilo la mkopo ni zito.

Akimaliza jibu lake la kwanza la "kwa nini unataka kazi hii", mama, libandike hapa bila jina la kampuni. Tutalikata pamoja.