Kizazi Kilitolewa, Damu Inatoka Wapi?

MASWALI YA WASOMAJI: AFYA YA WANAWAKE

Swali: Nina miaka 46. Mwaka 2019 nilitolewa kizazi kwa sababu ya fibroidi zilizonivujisha damu hadi nikaongezewa chupa mbili. Tangu hapo sikuona hedhi tena. Sasa ni mwezi wa tatu natokwa na damu kidogo ya kahawia, siku mbili hivi, karibu tarehe zilezile, na matiti huniuma kabla yake. Jirani ananiambia huenda daktari hakutoa chochote, alinipasua na kunishona tu. Nilipimwa kwa siki kwenye kliniki ya mtaani nikaambiwa niko sawa. Je, hedhi inaweza kurudi bila kizazi?
Mama W., Umoja

Jibu: Jirani huyo amepitiliza, Mama W., lakini bila kujua amegusa penyewe. Kabla ya kuuliza damu inatoka wapi, sharti ujue ulitolewa nini hasa. Hapa kwetu "nimetolewa kizazi" ni jina moja la operesheni tofauti. Kuna ya kutoa mji wa mimba pamoja na mlango wake. Kuna ya kutoa mji wa mimba na kuuacha mlango, ambayo daktari huichagua pale kibofu kinapokuwa kimegandamana na kovu za upasuaji wa awali, au mgonjwa anapovuja damu nyingi na kila dakika ina thamani. Na katika zote mbili, ovari, yaani vifuko vya mayai, zinaweza kuondolewa au kuachwa. Wanawake ambao hawajafikia ukomo wa hedhi mara nyingi huachiwa ovari makusudi, na matiti yako yanayouma kila mwezi yanaashiria kwamba zako bado ziko kazini.

Usitegemee kumbukumbu, wala kovu la tumboni, maana kwa nje operesheni zote hizo hufanana. Nenda idara ya rekodi ya hospitali uliyopasuliwa ukiwa na kitambulisho na namba ya faili. Kama umebadilisha jina tangu hapo, wape na lile la zamani. Omba nakala tatu: muhtasari uliopewa ulipotoka wodini, maelezo ya operesheni, na ripoti ya patholojia, yaani ya maabara iliyochunguza kilichotolewa. Taarifa hizo ni zako, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inakupa haki ya kuzipata. Karatasi zitakuwa kwa Kiingereza, lakini herufi za kutafuta ni chache. TAH maana yake mji wa mimba na mlango wake vilitolewa kupitia tumboni. Ikifuatwa na BSO, mirija na ovari za pande zote mbili ziliondoka pia. Ukiona neno "subtotal", mlango uliachwa. Karatasi zikipingana, sisi huiamini ripoti ya patholojia, kwa kuwa mtu wa maabara huandika alichokishika mkononi: uzito kwa gramu, urefu kwa sentimita, na kama kipande kilikuja na mlango au la.

Tuseme mlango uliachwa. Utando unaomwagika wakati wa hedhi haukomi ghafla pale mlango unapoanzia. Daktari akikata juu kidogo, milimita chache za utando huo hubaki kwenye ncha ya kigutu, yaani ule mlango uliobaki. Ovari hazina habari kwamba mji wa mimba haupo. Kila mwezi hutuma homoni, utando uliobaki hunenepa, kisha humomonyoka, na damu hushuka kupitia njia ileile. Ndiyo maana huwa kidogo, ya kahawia, ya siku moja hadi tatu, na pedi nyembamba hutosha. Kwa hiyo ndiyo, hedhi ndogo inawezekana. Madaktari wengi huchoma njia ya mlango kwa umeme kabla ya kuifunga ili kuzuia jambo hili, na bado hutokea.

Lakini kuna kitu hakitupendezi katika maelezo yako. Hedhi ya namna hii kwa kawaida hujionyesha mapema, mara nyingi ndani ya mwaka wa kwanza. Yako imekaa kimya miaka kadhaa ndipo ikaanza. Huenda ni mabadiliko ya homoni yanayokuja na umri wako, au kuna tembe ya homoni uliyoanza karibuni. Huenda pia ni polipu, yaani kinyama kinachoning'inia mlangoni, au maambukizi, au endometriosisi, yaani utando kama wa mji wa mimba unaoota mahali pengine, au saratani ya mlango uliobaki. Kufuata tarehe hakuondoi hayo mengine. Na ikiwa rekodi zitaonyesha kwamba mlango nao ulitolewa, basi maelezo ya utando uliobaki hayasimami, na uchunguzi unakuwa wa haraka zaidi.

Sasa hicho kipimo cha siki. Muuguzi hupaka siki ya asilimia 3 hadi 5 kwenye uso wa mlango na kuangalia sehemu zinazogeuka nyeupe. Kinaonyesha uso tu. Kilicho ndani ya njia, juu ya pale jicho linapofika, hakionekani. Isitoshe, hicho ni kipimo cha mwanamke asiye na dalili yoyote. Mwenye kutokwa na damu huchunguzwa kwa sababu ya damu, na jibu la "uko sawa" la siki, au hata la Papi, kile cha kukwangua chembe za mlango na kuzipima maabara, halifungi kesi. Kosa hili tunaliona mara nyingi, na linakula miezi ya watu. (Hata hivyo, kama mlango upo, usiache kupimwa virusi vya HPV, vinavyosababisha saratani ya mlango, baadaye. Wengi huacha wakidhani walishatolewa kila kitu.)

Ukiwa nyumbani, hakikisha kwanza damu inatoka ukeni. Chukua tishu tatu nyeupe. Baada ya kukojoa, gusa ya kwanza kwenye tundu la mkojo, ya pili kwenye mlango wa uke, ya tatu nyuma, na kila moja uiangalie peke yake dirishani. Damu ya njia ya mkojo au ya bawasiri hudhaniwa hedhi mara nyingi kuliko unavyofikiri. Juisi ya bitiruti hupaka mkojo wekundu, na dawa ya TB iitwayo rifampisini huufanya wa rangi ya chungwa. Andika tarehe, rangi, idadi ya pedi, na kama ilitanguliwa na tendo la ndoa. Usisubiri kalenda ijae ndipo uende.

Kliniki ya magonjwa ya wanawake hospitalini ndiko pa kwenda, nayo huenda ikakudai barua ya rufaa kutoka kituo cha afya cha mtaani. Uwe umejisajili SHA, bima ya afya ya serikali, kwa *147#. Daktari ataingiza kile kifaa cha mdomo wa bata ili auone mlango, au kovu la juu ya uke kama mlango haupo. Atapima maambukizi, na akiona kidonda au kinyama atakata kipande kwenda maabara. Kisha altrasaundi ya kupitia ukeni, ipimwe urefu wa kigutu na zitazamwe ovari. Mwambie aliye kwenye mashine kwamba ulipasuliwa, la sivyo ataandika tu "mji wa mimba hauonekani" na habari iishie hapo.

Yote yakiwa safi na damu ni matone, kuacha bila tiba ni uamuzi halali. Ikikusumbua, kuna dawa za projesteroni, au kuchoma njia ya mlango tena. Kuutoa mlango uliobaki ni operesheni ya mwisho kufikiriwa, kwani kibofu na utumbo huwa vimeshikana na kovu. Usinunue tembe za kukausha damu kwenye duka la dawa kabla hujaangaliwa, kwa sababu zitaficha dalili na kuacha chanzo. Kujifukiza na zile "lulu" za mitishamba zinazoingizwa ukeni huunguza ngozi na kuleta damu ya pili juu ya ya kwanza.

Nenda hospitali siku hiyohiyo ukijaza pedi nzima ndani ya saa moja kwa saa mbili mfululizo, ukizimia, ukipata homa na uchafu unaonuka, au maumivu makali ya upande mmoja. Hayo ya mwisho yapimwe na mimba pia, hata kama itakuchekesha. Penye ovari, mimba ya nje ya kizazi imewahi kutokea baada ya operesheni hii, ingawa ni nadra mno.

Swali: Nina miaka 61. Nilitolewa kizazi na ovari miaka 12 iliyopita kwa fibroidi. Siku hizi nikikutana na mzee naona matone mekundu na kuwashwa.
Msomaji, Kahawa West

Jibu: Bila ovari estrojeni, homoni ya kike, hushuka, na ngozi ya uke huwa nyembamba na kavu hata ikachubuka. Hicho ndicho kisa cha kawaida katika umri wako, lakini kithibitishwe kwa macho ya daktari kwanza, hasa sehemu ya kovu. Akiridhika, krimu ya estrojeni ya ukeni hutumiwa kila usiku kwa wiki mbili, kisha mara mbili kwa wiki, na nafuu huanza kuonekana baada ya wiki kadhaa. Kama uliwahi kuugua saratani ya matiti, mwambie kabla hajaandika dawa. Kilainishi cha maji kitasaidia wakati wa tendo.

Swali: Mama yangu ana miaka 57, alifungwa kizazi zamani. Hedhi ilikoma miaka mitatu iliyopita, na juzi ameona damu. Si alifungwa?
Binti, South B

Jibu: Kufungwa si kutolewa, binti. Hufungwa mirija tu, na mji wa mimba hubaki na utando wake wote. Damu yoyote baada ya miezi 12 bila hedhi huchunguzwa, hata ikiwa tone moja. Ataanza na altrasaundi ya kupima unene wa utando. Ukizidi milimita 4, sampuli huchukuliwa kwa mrija mwembamba unaopitishwa mlangoni, kazi ya dakika chache bila nusukaputi. Mpeleke wiki hii.