Kinachokumaliza ni bodaboda, siyo daladala

Pole sana dada. Umesema unakaa Mbezi kwa ndani, Dar, kazi iko Posta katikati ya jiji, na kila mwezi nauli inakuacha mkavu. Hesabu zako mwenyewe zinaonyesha penye tundu: bodaboda 1,500 kwenda barabarani na 1,500 kurudi, kwa siku 26 ni 78,000. Daladala peke yake haiwezi kukuumiza hivyo.

Asubuhi tembea. Toka nusu saa mapema, vaa ndala, viatu vya ofisini weka kwenye mfuko. Mimi nilifanya hivyo mwaka mzima, hata masika. Jioni giza likishaingia panda, usalama wako kwanza. Hapo tayari umebakiza 39,000. Hiyo ya jioni nayo, tafuta kijana mmoja wa kijiweni unayemwamini, mpatane bei ya wiki, atapunguza.

Jambo lingine ni kugeuza na gari, yaani kupanda daladala linaloelekea mwisho wa safari ili urudi nalo ukiwa umekaa. Najua kusimama mpaka Kimara unakopanda basi la mwendokasi kunachosha, lakini ukigeuza unalipa nauli mara mbili kwa ajili ya siti tu. Ukiwahi asubuhi mapema, siti utaipata palepale kituoni.