Usiizike kabla hujajua kilichokufa

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata. Unasema kompyuta yako imeingia mwaka wa 6, inachemka, feni inavuma mpaka wenzako wanageuka, na ukifanya kazi nusu saa inajizima yenyewe. Fundi, bila hata kuifungua, amekwambia ununue nyingine. Sasa unaniuliza: niitengeneze au niiache?

Kabla ya hilo, nakuomba jambo moja. Leo hii, usiku haujaingia, nakili kazi zako zote kwenye diski ya nje. Picha za marehemu bibi yako zilikuwa kwenye kompyuta yangu ya zamani. Niliisikia diski ikigonga, tak, tak, tak, nikasema nitaishughulikia Jumamosi. Jumamosi haikuwaka. Kompyuta ilikuja kupona kwa diski nyingine, picha hazikurudi, na mpaka leo roho inaniuma.

Sasa nikujibu. Unayonieleza si dalili za mashine iliyokufa. Kompyuta inayojizima ikishapata moto inajilinda: prosesa, ile chipu kuu inayofanya kazi zote, ikipata moto kupita kiasi, umeme hukatwa isije ikaungua. Yangu nayo ilifanya hivyo hivyo. Nilipofungua mfuniko wa chini nilikuta, kati ya feni na yale mapezi ya shaba ya kutolea joto, vumbi limeshikamana kama kipande cha blanketi. Nilivuta kwa kibano, likatoka zima. Pesti ya kupitisha joto iliyopakwa juu ya prosesa ilikuwa imekauka, inapukutika kama chokaa ya ukuta mkuukuu. Nilisafisha, nikapaka pesti mpya, nikafunga. Nikaitumia miaka 3 mingine.

Kwa hiyo fundi asiyefungua hana la kukuambia. Mwambie afungue ukiwepo, akuoneshe kwa kidole kilichoharibika. Ikiwa ni feni, betri, kibodi au diski, badilisha bila wasiwasi, hivyo ni vitu vya kuchakaa. Na kama bado unatumia diski ya zamani ile inayozunguka, weka SSD, diski ya kisasa isiyo na kitu kinachozunguka. Hakuna badiliko jingine litakalokufanya uione kompyuta ile ile kama mpya. Kuongeza ram, ile kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ni kuzuri pia, ila hakikisha kwanza haijalehemewa kwenye madabodi, yaani ubao mkuu, maana kompyuta nyingi nyembamba ziko hivyo.

Betri nayo iangalie. Ukiona pale unapotelezesha kidole pamenyanyuka, au mfuniko umetuna, betri imevimba. Zima, chomoa chaja, usiibonyeze wala usiitoboe, na usiitumie tena mpaka itolewe.

Kwenye madabodi ndipo nabadilisha kauli. Ikiwa imeungua, au iliwahi kuingia maji na kutu imeanza kula, kuibadilisha mara nyingi hukaribia bei ya mashine nzima. Wengi hupima hivi: matengenezo yakipita nusu ya bei ya kompyuta nyingine, achana nayo. Nami napima hivyo, ila nalinganisha na mashine iliyotumika yenye uwezo kama wa hiyo yako. Ukilinganisha na ile mpya inayong'aa dukani, kila tengenezo litaonekana la bei ndogo, na utatoa pesa tatu kutengeneza kitu unachoweza kukinunua kwa pesa nne.

Angalia pia programu endeshi, ile inayoendesha kompyuta nzima. Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa isiyo ya zamani sana. Kwa prosesa za Intel, kwa jumla, kuanzia kizazi cha 8. Kwa umri wa mashine yako nategemea itakubali. Isipokubali, bado Linux ipo, programu endeshi nyingine, ni ya bure, na kwa kuandika na kutumia intaneti inatosha kabisa. Lakini kama kazini wanakudai programu isiyoendeshwa na Linux, hapo nitakuelewa ukinunua nyingine.

Najua umechoka nayo na ungependa nikwambie nunua. Siwezi, bado haijafunguliwa. Fundi akishatoa mfuniko, piga picha ya feni na ya madabodi, unitumie kabla hujalipa chochote. Simu yangu iko wazi.

Baba yako