Kabla hujagusa programu ya roboti, angalia vibano

Nilipoanza kazi kwenye kiwanda cha vipuri vya magari hapa Michigan, roboti ya kuchomelea ikitoa mshono mbaya nilikimbilia programu. Naongeza volti, napunguza mwendo, nasogeza nukta za njia yake nusu milimita. Wenzangu wa zamu ya asubuhi nao wanarekebisha kivyao. Wiki ikiisha programu imejaa viraka, na mikono ya sasupensheni bado inatoboka.

Aliyenifungua macho ni fundi mzee wa zamu ya usiku. Alifunga umeme kwa kufuli lake, akaingia na fila geji, yaani vibati vyembamba vya kupimia mapengo, akaipitisha kati ya mabati mawili yaliyokwisha kubanwa. Upande mmoja yameshikana kabisa. Upande wa pili, geji ya milimita 1.5 iliteleza ndani bila kusukumwa, na bati lenyewe lina unene wa milimita 2! Pedi ya kibano ilikuwa imelika, na chini yake cheche zilizoganda zimejazana kama kokoto. Tukakwangua, tukaweka pedi mpya, tukarudisha programu ya awali. Mshono ukatulia.

Mchomeleaji wa mkono akikuta pengo huchezesha tochi ya kuchomelea na kupunguza mwendo. Roboti isiyo na kihisi cha kufuata mshono hupita palepale ilipofundishwa, hata kama kiungo kimehama. Ndiyo maana nawasihi vijana: vibano kwanza. Kisha tazama tipu ya shaba inayopitisha waya unaoyeyuka kuwa mshono. Tundu lake likilika, waya hutoka umepinda na mshono unahama, ingawa mkono wa roboti hauna kosa. Tipu ibadilishwe kwa ratiba. Gesi ya kukinga mshono nayo ipimeni mdomoni mwa tochi. Geji ya ukutani haioni mpira unaovuja njiani.

Mabati yenye zinki yana mambo yake. Zinki huchemka kwenye nyuzijoto 907 za Selsiasi, chuma huyeyuka karibu na 1,500, hivyo mvuke hunaswa ndani na kuacha vitundu. Hapo pengo dogo sana la makusudi husaidia, mvuke upate pa kutokea.

Na kateni kipuri kimoja kila zamu, mking'arishe kwa msasa, mkipake asidi, muone moto umefika wapi. Kwenye sanduku langu la vifaa kuna kipande kimoja: juu mshono umelala vizuri, ndani mstari kati ya mabati mawili uko wazi, haukuyeyuka hata kidogo. Kila anayeanza kazi kwetu namkabidhi akishike.