Mume wangu hajaamka, nimwache?

Msomaji wetu wa Tanga anasema amejiunga na darasa la mtandaoni la kalenda ya Wamaya, wenyeji wa asili wa Mexico na Guatemala. Huko amefundishwa kwamba tarehe 21 Desemba 2012 dunia iliingia zama mpya za kiroho, na mumewe "bado amelala". Ishara zao za kuzaliwa hazipatani, mkwe anamwita mpotevu, na mume amenuna kwa ajili ya "hela kidogo" ya ada. Anauliza, aondoke?

Mwanangu, pole kwa upweke, nimeuona. Sasa tuambiane ukweli.

Hiyo hela kidogo umeipita mbio, lakini umeandika mwenyewe kuwa ilikuwa ya kikoba. Ni jasho la wanawake wenzako, mumeo akae kimya? Na huyo mwalimu yumo kila aya: sauti yake, subira yake, anavyokuelewa. Mumeo umemtaja mara moja, akirudi bandarini kachoka. Mimi niko upande wa mumeo.

Tena ulichouziwa si cha Wamaya. Hesabu yao ndefu ya siku inaanzia mwaka 3114 kabla ya Kristo. Siku ile ya 2012 zilitimia baktuni 13, yaani mafungu 13 ya siku 144,000 kila moja, na kesho yake hesabu ikaendelea. Jiwe la Tortuguero kule Mexico linaitaja siku hiyo kwa maneno machache, tena limevunjika. Palenque nako, mji wao wa kale, waliandika tarehe ya mwaka 4772 kwa kumtukuza mfalme wao Pakal. Watu wanaongoja mwisho wa zama mwaka 2012, ya 4772 wangeandika ya nini?

Hiyo kalenda ya miezi 13 unayoisomea ilitungwa na Mmarekani, José Argüelles, karne iliyopita. Inairuka tarehe 29 Februari, kwa hiyo haiendi sawa na duru ya siku 260, ile inayompa mtu ishara ya kuzaliwa, ambayo wazee wa Kʼicheʼ, kabila la Wamaya, wanaishika mpaka leo kwenye milima ya Guatemala. Unataka kumwacha mtu kwa ishara ambayo Wamaya wenyewe wasingempa! Wazee hao huendewa na watu wao kwa kilimo, maradhi na ndoa, wakawaombea kwa ubani na mishumaa. Kwao kila siku ina mzigo wake, na mtu huubeba akiwa na wenziwe.

Ndoa za sasa zina maradhi haya: mtu akichoka hatafuti mazungumzo, anatafuta neno kubwa la kuondokea. Zamani walipigiwa hesabu ya majina wakaambiwa nyota hazipatani. Leo wanaambiwa roho zao ziko ngazi tofauti. Aliyeamka kweli, wa kwanza kufaidi ni wa nyumbani kwake. Usiache mbachao kwa msala upitao, na huyo mwalimu ni msala upitao, kesho ana darasa lingine.

Rudisha hela kabla ya kikao kijacho cha kikoba, hata kwa kuuza kitenge. Mfungie mwalimu kwenye simu. Mumeo mweleze yote kwa kinywa chako, asisikie kwa jirani. Na mkweo unayemlalamikia, si ndiye aliyekaa na watoto usiku ulipokuwa darasani? Umeandika mwenyewe. Nenda kamshukuru.