Nungwi na watoto, kutoka Lubumbashi: mwezi gani?

Yaya, umeuliza kama mwezi wa nne ni muzuri kupeleka watoto Nungwi, kule Zanzibar. Hapana. Kuanzia mwezi wa tatu mpaka wa tano ni masika, mvua inanyesha kweli, na hoteli zingine zinafunga. Ngojea likizo kubwa, mwezi wa saba ao wa nane: kunakuwa kukavu na jua si kali. Bei zinapanda kidogo, lakini watoto wataoga kila siku.

Na Nungwi umechagua vizuri. Paje na Jambiani, upande wa mashariki, maji yakikupwa yanaenda mbali sana, unabaki kutazama mchanga na majani ya bahari. Nungwi hayaendi mbali hivyo, wanaweza kuogelea karibu muda wote.

Kwa njia: bus ya Kasumbalesa (mpaka wetu na Zambia), Zambia, Tunduma mpaka Dar ni siku kadhaa, na watoto wadogo mimi singejaribu. Kama feza inatosha, ndege. Toka Dar, boti ya mwendo kasi inachukua kama masaa mawili, halafu daladala namba 116 toka Zanzibar mjini mpaka Nungwi kwenyewe.

Usisahau kadi ya chanjo ya homa ya manjano ya kila mtoto. Ukitoka Congo wanaiomba. Bima ya Zanzibar pia, ni lazima kwa wageni tangu Oktoba 2024, lipa mbele kwenye intaneti. Franka zetu zinaishia Kasumbalesa, beba dolari safi zisizochanika. Kiswahili chetu watakicheka, zoea tu.