Barua kwa mwanangu kuhusu jora la marekani

Tanga

Mwanangu Rukia,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara mbili, mara ya kwanza dukani katikati ya wateja, mara ya pili usiku baada ya isha. Unasema chuoni kwenu huko Ohio mmepewa insha: Marekani ilitoka vitani na Mwingereza mwaka 1815 ikiwa kitu kimoja, ilikuwaje kufika 1832 jimbo moja litishie kujitoa? Halafu ukaniuliza kwa maneno yako, "Baba, hivi walipendana kweli au walikuwa wanaigiza?"

Walipendana. Wangekuwa wanaigiza, insha yako ingekuwa nyepesi.

Mimi muuza vitambaa, acha nikujibu kwa kitambaa. Unalikumbuka lile jora la marekani la rafu ya chini, lisilopaushwa, ambalo ukilinyoosha kwenye mwanga unaona vichembe vya ganda la mbegu ndani ya uzi? Watu hulichukua kwa foronya na bitana. Ulipokuwa mdogo ulidhani nchi ndiyo iliyopewa jina la kitambaa. Basi vita vyao vyote vya maneno unaweza kuvifuata kwa kitambaa cha namna hiyo hiyo, kizito na cha bei nafuu.

Vita vilipokwisha, Waingereza walimwaga nguo zao Marekani kwa bei ya kutupa, na viwanda vichanga vya kule Massachusetts vikaanza kukata pumzi. Mwaka 1816 Kongresi, yaani bunge lao, ikapitisha ushuru wa kuvilinda. Nguo ya pamba ilitozwa asilimia 25, lakini kulikuwa na ujanja ndani yake: nguo yoyote iliyonunuliwa chini ya senti 25 kwa yadi ilihesabiwa kana kwamba imenunuliwa kwa senti 25. Piga hesabu kama mtoto wa muuza duka. Kitambaa cha India cha senti 6 kinalipiwa ushuru wa senti 6 na robo. Bei imeruka zaidi ya mara mbili kabla hakijatoka bandarini.

Na nani alisimama kuutetea ushuru huo? John C. Calhoun wa South Carolina, kijana wa miaka 34, mtu wa Kusini kwenye mashamba ya pamba. Mwaka uliofuata alitaka faida itakayotoka Benki ya Taifa ijenge barabara na mifereji ya kuifunga nchi nzima pamoja. Rais Madison aliukataa muswada huo, akisema katiba hairuhusu. Calhoun hakuwa anaigiza hata kidogo. Aliamini ikija vita nyingine, nchi isiyojitegemea kwa nguo na barabara itaumbuka, na wengi kwao walidhani viwanda vitafika na Kusini.

Tena usikubali mtu akuambie ukanda, yaani kila upande wa nchi kujipendelea wenyewe, ulikuwa maradhi ya Kusini peke yake. Desemba 1814, vita vikiendelea, wakubwa wa New England ambao meli zao zilikuwa zinaozea bandarini walikutana Hartford kupanga namna ya kujikinga na serikali yao wenyewe, na minong'ono ya kujitenga ilikuwepo. Wajumbe wao walipofika Washington na madai yao, habari za amani na za ushindi wa New Orleans nazo zikawa zimefika. Waliaibika, na chama chao cha Federalist hakikuinuka tena.

Kufa kwa chama hicho ndiko ninakotaka ukutazame sana, kwa sababu watu wengi hukupita. Rais Monroe alipozuru Boston mwaka 1817, gazeti moja la huko lilisifu kuwa sasa ni zama za nia njema. Mwaka 1820 alichaguliwa tena kwa kura 231 za wajumbe, na mmoja tu ndiye aliyempa mtu mwingine. Kwa macho inapendeza. Ila vyama viwili, pamoja na matusi yao yote, vilikuwa kama uzi wa kukingama kwenye nguo: vilimfanya mtu wa Virginia na mtu wa New York wasimame upande mmoja dhidi ya majirani zao wenyewe. Ukiuchomoa uzi ule, zinabaki nyuzi za kwenda upande mmoja tu. Vuta kidogo uone.

Mvutaji alikuwa James Tallmadge, mbunge wa New York. Februari 1819 eneo la Missouri lilipoomba kuwa jimbo, alipendekeza watumwa wapya wasiingizwe tena huko, na watoto watakaozaliwa na watumwa waachwe huru wakifika miaka 25. Baraza la Wawakilishi, ambako Kaskazini ilikuwa na watu wengi zaidi, likakubali. Seneti ikakataa. Ghafla kura zikawa za kikanda tupu. Mwaka huo, Alabama ilipoingia, kulikuwa na majimbo 11 yenye utumwa na 11 yasiyo nao. Mwaka 1820 wakapatana: Missouri iingie na utumwa wake, Maine iingie bila utumwa, na katika ardhi iliyonunuliwa kwa Mfaransa, kaskazini ya latitudo ya nyuzi 36 na dakika 30, utumwa uzuiwe isipokuwa Missouri yenyewe. Mzee Jefferson, miaka 77, aliandika kwamba jambo hilo lilimshtua kama kengele ya moto usiku. Alijua anachokisema, maana watumwa alikuwa nao yeye mwenyewe.

Turudi kwenye pamba. Mashine ya kuchambulia ya mwaka 1793 ilikuwa imekwisha kuifanya pamba kuwa mali, na fedha ya Kusini ikaingia kwenye ardhi na kwenye watu wa kununuliwa. Viwanda vilivyotarajiwa Kusini havikuja kwa kiasi cha kutajwa. Mwaka 1819 bei ya pamba ikaporomoka, na udongo wa South Carolina ulikuwa unachoka wakati ule wa Alabama ungali mpya. Mteja wao mkubwa alikuwa Mwingereza. Kwa hiyo ushuru ule ule uliokuwa ngao ya taifa mwaka 1816, mwaka 1828 ulipopandishwa sana, wao waliuona kama mkono mfukoni.

Hapo Calhoun, sasa makamu wa rais, akaandika kwa siri hoja kwamba jimbo lina haki ya kubatilisha sheria ya taifa. Na Daniel Webster wa Massachusetts, aliyeupinga ushuru mwaka 1824 wakati matajiri wa kwao walikuwa bado na moyo wa meli, mwaka 1828 akaupigia kura, kwa kuwa fedha zao zilikuwa zimehamia viwandani. Walipishana mlangoni, kila mmoja akiingia chumba alichotoka mwenzake. Hotuba ya Webster ya Januari 1830, kwamba uhuru na muungano havitengani, ni nzuri mno, isome kwa sauti. Kisha tazama tena tarehe: ni baada ya ile kura yake ya ushuru.

Lakini ushuru ulikuwa mlango tu. South Carolina watu weusi walikuwa wengi kuliko weupe, na mwaka 1822 mjini Charleston walinyongwa watu weusi 35, Denmark Vesey akiwa mmoja wao, kwa madai ya kupanga uasi. Calhoun mwenyewe aliandika kwenye barua ya mwaka 1830 kwamba ushuru ni tukio tu, chanzo halisi kiko kwenye mfumo wa Kusini, yaani utumwa. Serikali inayoweza kukupangia bei ya kitambaa, kesho itakupangia nini?

Novemba 1832 jimbo likatangaza kuubatilisha ushuru. Rais Jackson, naye mwenye watumwa, akaapa kuutekeleza kwa nguvu. Machi 1833 Henry Clay akapatanisha: ushuru ushuke polepole. Papo hapo Kongresi ikampa rais ruhusa ya kutumia jeshi. South Carolina ikaondoa tangazo lake la kwanza, halafu ikaibatilisha ile sheria ya jeshi, kama mdaiwa anayelipa kisha akachana risiti.

Mwaka huo huo, Septemba, Wamarekani walitia sahihi mkataba wa biashara na Seyyid Said, Sultani wa Maskati aliyetawala na Unguja. Meli za Salem zikaleta nguo za Massachusetts, zilizofumwa kwa pamba ya watumwa wa Kusini, zikarudi na pembe za ndovu na sandarusi. Nguo hiyo ya marekani ikapanda na misafara hadi bara, ikinunua pembe na ikinunua watu pia, kwa hiyo usiandike kana kwamba sisi tulikuwa watazamaji. Vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 vilipokata pamba, nguo hiyo ikaadimika pwani, na za Mwingereza na za India zikachukua nafasi.

Ningekuwa wewe ningeanza insha na Calhoun wa 1816, nimwache asemee ushuru mpaka mwisho bila kumkatiza. Ukimaliza nitumie, ila ukuze herufi. Miwani ni ile ile.

Babako